Namba 8 naiona 3, na mkwe wangu kanyamaza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 49, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nauza karanga za kukaanga na ubuyu. Shule niliishia darasa la saba, kwetu Bahi. Tangu usichana natamani kujua kushona, ila maisha yakanipeleka kwingine. Mwanzoni mwa mwaka huu kanisani kwetu wakatangaza darasa la ushonaji kwa watu wazima ambao hawajawahi kukalia cherehani, Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni mpaka saa 12. Nilijiandikisha siku hiyohiyo, baba watoto nikamwambia baadaye.

Tuko wanafunzi 13, cherehani 5. Nne ni za mguu, moja ya umeme, na hiyo ya umeme ukichelewa dakika tano huipati. Wengi ni mabinti wa miaka 20 na kitu. Wakubwa tulikuwa mimi na mama mmoja wa Chang'ombe, naye aliacha wiki ya tatu. Mwalimu wetu ni binti rika la mwanangu wa pili. Ananiamkia shikamoo, halafu ndiyo ananiambia nimeharibu.

Shangazi, naharibu kweli. Wenzangu wanatunga uzi mara moja, mimi natunga mara sita, naulamba mpaka unalowa. Nikikanyaga pedali cherehani inarudi nyuma, uzi unakatika. Nikigeuza kitambaa, chini kuna fundo la nyuzi kama kiota. Hayo yote nilikuwa nayavumilia, mpaka likatokea la mkwe.

Mkwe wangu, mama mzazi wa mume wa binti yangu, yuko Ipagala. Aliposikia nasomea ushonaji alifurahi, akaniletea kitenge cha yadi 6, kizuri, kina ndege wakubwa wa bluu, nimshonee gauni la kuvaa kwenye ubatizo wa mjukuu wetu. Nilitakiwa kumwambia bado sijaiva. Niliona aibu, nikapokea. Nikampima jioni kwake, nikaandika kwenye daftari. Nikakata usiku nyumbani, peke yangu, nilitaka nimshangaze mwalimu. Nikaenda kushonea kwa jirani mwenye cherehani ya zamani.

Alipolijaribu, kifuani limekaa vizuri kabisa. Likafika kwenye hipsi likagoma. Binti yangu akachukua futi akampima upya: hipsi 48. Kwenye daftari langu nimeandika 43. Kisha mkwe akageuka, nikaona ndege wote wa mgongoni vichwa viko chini, miguu juu. Mkwe hakusema neno. Alilivua, akalikunja, akasema, "Ahsante mkwe, nikipungua nitalivaa." Bora angenigombeza.

Kijana wangu wa mwisho sasa ananiita Fundi Ndege. Wiki mbili sijakanyaga darasani, nasingizia biashara. Na kuna mambo mawili yananisubiri. Yule jirani anataka kuniuzia ile cherehani, na kikoba chetu kinavunjwa mwezi ujao, nitapata kama laki 3 na nusu. La pili, wenzangu wanaunda kikundi waombe mkopo wa halmashauri, na wanataka mimi niwe mweka hazina kwa sababu ni mtu mzima. Mweka hazina gani anashindwa kusoma futi?

Niambie ukweli, Shangazi. Niache? Au kuna umri ambao kichwa kinakuwa hakipokei tena?

Mama Karanga, Nkuhungu

*

Marahaba, na mbukwa pia, salamu ya Kigogo, maana umetaja Bahi. Umeniita shangazi na nimekubali, ingawa nina miaka 63 na kwa hesabu hiyo wewe ni mdogo wangu. Nitakuita hivyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, unisamehe, ni kwa sababu ya hao ndege. Mara ya pili nikachukua kalamu nikapiga mstari chini ya maneno yako mwenyewe. Umempima mkwe jioni. Umekata usiku. Uzi unautunga mara sita. Na kosa lililoharibu gauni ni 8 iliyoandikwa 3. Kama ungekuwa hujui kugawanya vipimo kwa nne, kifua nacho kisingekaa. Kifua kimekaa vizuri kabisa, umesema mwenyewe. Mdogo wangu, kichwa chako ni kizima. Wewe huoni karibu.

Fanya jaribio hili leo. Chukua futi, ishike karibu na uso kama unavyofanya ukipima, usome namba. Kisha nyoosha mkono wote uipeleke mbali. Kama mbali inasomeka na karibu inaogelea, jibu unalo. Mtu akishavuka miaka 40, lenzi ya ndani ya jicho inazidi kuwa ngumu, inashindwa kubadili umbo ili ione vitu vya karibu. Tatizo hili humpata karibu kila mtu, aliyesoma na asiyesoma. Kwa muuza karanga halionekani haraka, kwa kuwa noti ya elfu 5 unaijua kwa rangi. Cherehani ndiyo inakuumbua, sababu tundu la sindano halina rangi.

Yalinikuta mimi. Nilikuwa nashona sare za shule Majengo, nina miaka 44, nikaanza kulalamika kwamba nyuzi za siku hizi hazina ncha. Nilihama maduka matatu ya uzi! Siku moja mteja akasahau miwani yake mezani kwangu, nikaivaa kwa utani, nikaona mishono yangu ya mwezi mzima ilivyopinda. Nilikaa chini.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote kuhusu darasa, nenda kliniki ya macho hospitali wakupime. Najua miwani ya kusomea inapangwa barabarani na unaweza kujaribu moja baada ya nyingine mpaka upate inayokukaa. Usianzie huko. Mkoa wetu huu una historia ya trakoma, ule ugonjwa wa vikope, hasa upande wa Kongwa ambako watafiti wamekaa miaka mingi wakiufuatilia, na kope zinazokwaruza jicho haziponi kwa miwani. Halafu kuna presha ya macho, ambayo mara nyingi haiumi wala haiwashi mpaka iwe imeshaondoka na sehemu ya kuona. Aangalie mtaalamu kwanza, miwani ifuate.

Wakati unasubiri miwani, kuna vitu vidogo vya kukusaidia. Uzi usiulambe, unafura na ncha inatawanyika. Ukate mshazari kwa mkasi mkali, weka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano, ndipo utunge. Darasani wahi ile cherehani iliyo dirishani, waachie mabinti ya umeme wagombanie. Na kitambaa cheusi kwa uzi mweusi usikiguse baada ya saa 11.

Cherehani kurudi nyuma hakuna uhusiano na umri wako. Kila aliyejifunza kwa mguu amepitia. Unakanyaga pedali kabla gurudumu halijajua liende wapi, nalo linachagua lenyewe. Anza kwa mkono: shika gurudumu dogo la juu kulia, lizungushe kuja kwako, na likishaanza kuja ndipo miguu ifuate, taratibu, kisigino na vidole vikipokezana. Siku tatu fanya hivyo bila uzi kabisa, na badala ya kitambaa weka karatasi ya daftari yenye mistari, ufuate mstari kwa matundu ya sindano. Ukiweza kufika mwisho wa mstari, ukageuza kona na kurudi bila kutoka nje, mguu wako umeshajua kazi. Sindano uliyotobolea karatasi usishonee kitenge, imeshapoteza ncha.

Na kile kiota cha chini? Wengi wakikiona wanakimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, wanaikazakaza mpaka inaharibika. Mara nyingi kosa liko juu. Umepitisha uzi wakati kile kiguu kinachobana kitambaa kiko chini, na hapo visahani vya kukazia uzi vinakuwa vimefumba, uzi unapita juu yake bila kushikwa. Toa uzi wote, inua kiguu, pitisha upya.

Sasa mkwe. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kosa la namba nimeshakusamehe kwa ajili ya macho, lakini kupokea kitenge cha mtu ukiwa na miezi miwili darasani, ukakata usiku ili umshangaze mwalimu, hilo jicho halihusiki. Na wale ndege ungewagundua mapema kama ungetandaza vipande viwili sakafuni mchana, cha mbele na cha nyuma, ukasimama juu yake. Kitenge chenye ndege, miti au nyumba kina juu na chini. Ukikunja kitambaa kwa kuleta mwisho wake mmoja juu ya mwingine ili upate vipande viwili kwa mkato mmoja, kimoja lazima kisimame kichwa chini. Fundi wa vitenge analijua hilo kwa sababu naye liliwahi kumpata.

Habari njema ni kwamba gauni linaokoka. Umesema kitenge kilikuwa yadi 6. Gauni refu la kawaida halizidi yadi 4, kwa hiyo kama hukukata ovyo unazo kama 2, yaani inchi 72 kwenda chini, na upana wa kitenge ni inchi 45 hivi. Hapo mgongo mpya unatoka wote, kwa kipimo sahihi, ndege wakiwa wamesimama. Mgongo wa zamani uufumue, uweke, utautolea foronya. Kipande cha mbele usikitupe. Ulikata kwa 43 badala ya 48, pengo ni inchi 5, nusu yake iko nyuma na umeshaitibu. Mbele zimebaki inchi 2 na nusu, yaani inchi 1 na robo kila upande. Tafuta kitambaa cha rangi moja, bluu ileile ya ndege, ukate vipande viwili vyembamba: kila kimoja kianze na ncha kiunoni, kipanuke mpaka kwenye hipsi, kisha kishuke na upana uleule mpaka kwenye pindo. Upana wa kukata ni inchi 2 na robo, kwa sababu nusu inchi inaliwa na mshono kila upande. Akivaa, watu watadhani ni mtindo. Mafundi wakubwa wanaouza hiyo mishono ya "pembeni rangi moja" baadhi yao walianza kwa kuficha makosa, nakwambia mimi niliyekaa nao.

Lakini usilifanye hili peke yako. Lipeleke darasani mbele ya mwalimu, na kwanza ukate kwenye karatasi ya kaki au gazeti, akague, ndipo mkasi uguse kitenge.

Na mkwe umwendee mwenyewe. Usimtume binti yako, usimpigie simu. Alichokwambia, "nikipungua nitalivaa", kwangu hiyo ni heshima. Ukwe una adabu zake, amekusitiri ili usiaibike mbele ya mwanao. Nenda mchana, na kilo ya karanga zako, umwambie: "Mkwe, gauni lako nililiharibu kwa sababu macho yangu hayaoni karibu na nikaogopa kusema sijaiva. Naomba unirudishie nilitengeneze." Halafu mpime tena hapohapo kukiwa na mwanga, na namba ziandikwe na mtoto wa shule kubwakubwa. Ubatizo ukiwa karibu sana, mwambie avae nguo nyingine na gauni litakuja Pasaka. Kulikimbiza tena ni kuwarudisha ndege kichwa chini.

Umeniuliza kama kichwa kinafika mahali hakipokei. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilikuwa na miaka 8. Mama yangu alikuwa anatoka shamba, ananawa miguu, anakwenda kukaa kwenye dawati letu la darasa la kwanza. Magoti yalikuwa hayaingii chini ya dawati, ikabidi akae upande upande kama amepanda baiskeli ya mtu. Sisi watoto tulichungulia dirishani tukicheka, kama anavyocheka huyo kijana wako. Herufi zilimtesa. Alikuwa anatamka "ba be bi" huku anapepeta mtama. Ila nakumbuka siku aliyosoma gunia la mbolea kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kilo zake, na baba akamwambia arudie. Miaka mitano baadaye vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Munguri kule Kondoa na Chisalu kule Mpwapwa, na watu wazima wakaenda kujifunza useremala, kilimo na ushonaji huohuo unaokufanya ujifiche. Kwa hiyo binti wa miaka 25 kukusahihisha ni kazi yake. Akishakuamkia, muitikie, halafu umsikilize. Mwambie habari ya macho, akuandikie vipimo ubaoni kwa maandishi makubwa. Hawezi kuijua shida ambayo hajawahi kuwa nayo.

Kuhusu cherehani ya jirani, mimi ningenunua, lakini siyo mwezi ujao. Mkopeshaji mzuri wa cherehani ni darasa lenyewe, unatumia zao 5 bila kulipia fundi wa kuzitengeneza. Ukishashona foronya 6 zilizonyooka, sketi 2 za lastiki na mifuko kadhaa ya sokoni (tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko wa kitambaa unauzika hata ukipinda kidogo), hapo rudi kwa jirani. Uende na mwalimu wako. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize kama linakwama mahali. Shona kitenge mkunjo mmoja, kisha mikunjo minne, uangalie juu na chini kama mshono unafanana. Angalia kutu sehemu ya bobini, na mkanda kama umechakaa. Kwa Dodoma ya upepo na vumbi, uliza pia imekuwa ikikaa wapi. Iliyokaa barazani bila kufunikwa imekunywa mchanga, na utaisafisha na kuitia mafuta mpaka uichukie. Bei mzungumze baada ya hapo. Laki 3 na nusu usimtajie.

Mkopo wa halmashauri ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hauna riba, na hilo linawafanya watu wausahau kwamba ni deni. Hulipi wewe peke yako, kinalipa kikundi, na binti mmoja akiolewa akahamia Singida, fungu lake mnabeba nyinyi. Mimi nisingechukua mkopo na watu ambao bado hatujauza hata aproni moja pamoja. Washauri wasubiri mpaka darasa liishe. Uweka hazina upokee. Mwanamke anayeendesha biashara ya karanga na yuko kwenye kikoba mpaka kinavunjwa, hela anaijua kuliko mabinti wote kumi na ngapi hao. Daftari la hesabu liandike kwa kalamu nene mpaka miwani ije.

Baba watoto hujanieleza mengi. Mwambie yeye kwanza habari ya kliniki, na muende wote. Kama umri wake umezidi wako, siajabu naye futi haioni.

Jumanne rudi darasani. Usieleze ulikuwa wapi, ingia, kaa dirishani, omba karatasi yenye mistari. Na huyo aliyekubatiza Fundi Ndege mpe suruali yake moja ya zamani akufumulie mshono wa pembeni wote kwa wembe, bila kuchana kitambaa, uone kama saa moja baadaye bado anacheka. Kipande atakachofumua utakifanyia mazoezi.

Uniandikie ukishapata miwani. Nataka kujua namba yake, na mkwe alisema nini.

Shangazi